Ushahidi wa Mama Euphrasie

Mama Euphrasie, muuza sombe, mboga ya majani ya muhogo, wa soko la Kasuku mjini Kindu, ana ulimi mkali. Ukimpekulia mboga zake bila kununua, utaondoka na la kukutosha. Lakini jambo moja hakuwahi kulisimulia. Mwaka 2002, mji ulipozingirwa na watu wakashinda kwa majani matupu, mumewe Amuri alivuka mto Lualaba kwa mtumbwi kwenda Alunguli, kuchimba mihogo ya shamba lao. Hakurudi. Maiti haikuonekana, hata matanga hayakuwekwa.

Mwaka jana Falone, binti wa kaka yake, alikuwa anamaliza chuo.

"Tantine, kazi yangu ya mwisho njo ya vita ya hapa Kindu. Nitakuya siku ya Mungu, utaniambia yote."

"Kuya. Lakini jina ya Amuri uiandike."

Jumapili tatu mfululizo Euphrasie aliacha soko, akapika, akayapanga maneno kichwani huku akilia na kujifuta mwenyewe. Falone hakutokea. Chuo kilikuwa kimewaruhusu wanafunzi kutumia akili bandia, ile ya kwenye simu inayoandika yenyewe, na msichana akaona kwenda kwa shangazi ni kujisumbua bure.

Siku ya kuitetea kazi hiyo mbele ya walimu, Euphrasie aliketi mstari wa kwanza na kopo lake la poda, maana hapa mhitimu humwagiwa poda na jamaa zake. Falone akasoma kwa Kifaransa cha kupendeza: shahidi Euphrasie anakumbuka furaha ya siku ile mumewe Amuri aliporudi salama. Euphrasie alisomeshwa na masista. Alielewa kila neno. Walimu wakaitikia kwa vichwa, wameridhika.

Nje akamshika Falone mkono.

"Nani alikuambia Amuri alirudi?"

"Ni mashini, Tantine. Niliipa majina yenu, ikamalizia. Sikusoma muzuri."

"Basi futa."

"Haiwezekane. Kazi imeshaingia maktaba."

Jamaa walikuwa wakipiga vigelegele, wakimngoja Euphrasie, mkubwa wao, aanze. Akafungua kopo, akamwaga poda kichwani mwa Falone, akapigwa picha. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa amengoja mtu aandike kwamba Amuri alikufa. Sasa imeandikwa, na muhuri wa chuo juu yake, kwamba alirudi nyumbani, na hakuna tena atakayeuliza mwili wake umelala wapi.