Mgongo Ndani ya Daftari la Mke Wangu

Naona haya kusimulia, lakini wacha niseme. Mke wangu Atieno hujifunza kuchora watu kila Jumamosi katika ukumbi wa Kaloleni. Siku moja nilifungua daftari lake nikakuta mwanamume ameketi kitandani bila shati, ametupa mgongo. Ulikuwa mstari mmoja tu wa penseli, mzito begani, kisha ukateremka polepole hadi kiunoni kama mkono unaopapasa. Uso haukuwepo. Hata mimi, fundi wa magari nisiyejua sanaa, nilielewa kwamba aliyechora alimpenda huyo mtu.

Wivu ulinikaba siku nne. Jumamosi nikatoka gereji kule Donholm na ovaroli yangu ya grisi, nikaingia darasani bila hodi, nikainua daftari juu.

“Huyu ni nani? Asimame nimwone!”

Wanafunzi wakaweka penseli chini. Atieno akafunika uso. Mwalimu wao, mama mmoja mpole, akautazama mchoro, akanitazama mimi.

“Baba, hebu geuka kidogo.”

Nikageuka, nikidhani ananifukuza. Nyuma yangu darasa zima likaangua kicheko.

“Aki ni yeye!” msichana mmoja akasema. “Hata bega la kushoto limeshuka vilevile!”