Hajambo, Ila

Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, simu zote za Msambweni zilipita mikononi mwangu, na kwa muda mrefu hapakuwa na hata moja iliyokuwa yangu. Nilikaa peke yangu chumba cha nyuma cha posta, chenye dirisha la wateja, mbele ya bodi ya mbao yenye matundu. Mtu akizungusha mkono wa simu yake, kijilango kidogo kilidondoka juu ya tundu lake. Hapo nilichomeka waya, nikauliza amtaka nani, kisha ncha ya pili nikaichomeka kwa huyo atakiwaye. Wao wakaongea, mimi nikanyamaza.

Shida ilikuwa Mombasa. Waya wa kwenda huko ulikuwa mmoja tu, na kila mtu aliutaka. Basi sheria ikawa dakika tatu, kisha chomoa. Na sheria ya pili: sikiliza kidogo uhakikishe sauti zinafika, lakini usitie neno.

Watu wa pwani na dakika tatu! Habari za watoto, za mamamkwe, za majirani, na alhamdulillahi kwa kila mmoja. Tena ukiulizwa hali unajibu njema kwanza, hata kama nyumba imeungua. Baya linakuja baadaye, kwa upole. Nami ndivyo nilivyolelewa.

Asubuhi moja alikuja mzee kutoka Kikoneni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nipatie binti yangu Mombasa, dukani kwa mumewe. Mamake yu taabani, amwita yeye tu. Nataka aje leo hii."

Akaingia kibanda cha simu, nikawaunganisha. Salamu zikaanza. Binti akauliza, "Na mama?"

"Hajambo, mwanangu, hajambo," mzee akajibu, akaanza kuulizia wajukuu, mmoja mmoja.

Niliitazama saa. Kijilango cha ofisi ya serikali kilikuwa kimekwisha kudondoka, wanangoja waya uleule. Mama anakufa: maneno mawili tu, na kisemeo cha simu kilikuwa mbele ya midomo yangu. Niliogopa kibarua changu kisije kikaota nyasi.

"Ila, mwanangu..." mzee akaanza.

Nikachomoa.

Alitoka kibandani ameduwaa. "Mbona kumekatika? Hata sijamwambia." Nikamwahidi kumtafutia tena. Waya ulipopatikana ilikuwa adhuhuri, na mume akasema mkewe ameshakwenda harusini Kisauni, moyo mweupe, maana nyumbani wote hawajambo. Mama alikata roho kabla ya Alasiri.

Siku ya tatu binti alikuja dirishani kwangu, akitoka matangani. Hakunisalimu.

"Baba alisema mama hajambo. Wewe hukusikia kitu?"

Nikamwambia hatusikilizi simu za watu. Nilisema uongo, na nadhani alijua.

Tangu hapo kila aliyetaka Mombasa nilimhimiza: jambo kwanza, salamu baadaye. Wakasema sina adabu. Wakaacha kusimama dirishani kuzungumza nami, na siku nyingine nilifunga posta bila kuulizwa hata nimeamkaje.

Kisha siku moja Mombasa iliniita mimi. Alikuwa dadangu, aliyeazima simu ya tajiri wake.

"Habari za huko, kaka?"

"Njema," nikasema. "Njema kabisa. Watoto hawajambo?"

Nilikuwa nimefika kwa mtoto wa nne, upweke wangu bado sijautaja, yule opereta mwenzangu wa Mombasa alipochomoa. Nilibaki na waya mkononi, na ila yangu mdomoni.