Kamasi za Mwalimu Mkuu

Jumatano, Agosti. Hapa kijijini Iguguno upepo na vumbi kutwa.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea, darasa la kwanza. Leo nilifundisha mbele ya walimu wenzangu, wao wakijifanya wanafunzi, ili mwalimu mkuu aamue kama nibaki. Mzee wa watu alikaa dawati la mbele na mafua yake.

Nilianza kwa kusitasita, halafu nikanogewa, nikasahau kabisa kwamba hawa si watoto. Nikatoa leso, nikamshika mwalimu mkuu kidevu.

"Penga!"

Akapenga. Ndipo nikakumbuka ninayemshika ni nani. Sitamsingizia, kamasi zilikuwepo kweli. Nikamwamkia tena shikamoo, ingawa asubuhi nilishamwamkia.

"Marahaba," akajibu kwa sauti ya puani. "Darasa la kwanza ni lako, mwalimu."

Jioni nyumbani tulikula ugali wa uwele na mlenda. Nilipomsimulia, mama alicheka mpaka akapaliwa.