Mikono Iliyofungua Banio

Niliiona mikono yangu ikivuta gogo la banio huku nikiiambia iache. Haikuacha. Maji yakaporomoka mferejini, na huko chini alikuwemo kaka yangu Nderingo akizoa tope. Nilimsikia akiniita mara moja tu.

Utasema nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimeonja kitu. Mimi si msomi, herufi nilifundishwa miezi michache pale misheni ya Nkoaranga, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe.

Ulikuwa mwaka ule wanaume wengi walipochukuliwa kwenda Arusha kubeba mawe ya kujengea boma la Wadachi. Sisi Wameru wa huku mlimani, banioni haendi mtu mmoja. Huenda wawili wa tumbo moja: mmoja anavuta magogo yanayozuia maji, mwenzake anamshika kiuno. Sababu si utelezi tu. Tangu utoto tuliambiwa kuna anayekaa pale, naye hupenda mtu asiyeshikwa.

Wa kunishika mimi alikuwa Nderingo. Jumbe Mareti akatutenganisha. Mdachi mmoja alitaka maji shambani kwake siku ile ile, na mfereji ulikuwa umejaa tope.

"Kaka yako atazoa, wewe utafungua," akasema Mareti.

"Nani atanishika, jumbe?"

"Kwani wewe ndama? Nikamwite mama yako aje akushike?"

Watu wakacheka. Mareti aliogopa kuvuliwa ujumbe na kulazwa chini achapwe viboko hamsa ishirini. Mimi niliogopa kile kicheko. Nikapanda banioni.

Ulikuwa mchana, lakini ukungu ulishuka hata miguu yangu sikuiona. Nikasimama nikingoja Nderingo apige ukelele kwamba ametoka mferejini. Nilingoja sana. Hakuna ndege, hakuna mtu. Ndipo akatokea mwanamume mmoja, kavaa ngozi ya mbuzi inayochuruzika maji.

"Uko peke yako, ndugu yangu?"

"Peke yangu."

"Basi nikushike."

Kwa baridi ile kinywa changu kilitoa mvuke. Chake hakikutoa kitu. Niliona, haki ya Mungu niliona! Mbona nilikubali? Nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu, basi. Aliponishika kiuno, mikono yangu ikaacha kunisikia.

Nilipogeuka hakuwapo. Nderingo tulimwokota kesho yake korongoni.

Tangu siku ile siiamini mikono hii. Pombe ya ndizi sinywi. Panga silishiki mtu akiwa karibu. Mtoto wa dada yangu amekua mpaka ametahiriwa, sijampakata hata siku moja. Kulikuwa na msichana aliyenisubiri misimu miwili ya mavuno. Nikamwambia aolewe na mwingine, nisije nikaamka asubuhi nikakuta nimemfanya nini. Usiku najifunga mikono kwa kamba kwenye nguzo ya kitanda. Asubuhi naifungua kwa meno.

Wewe unayesoma, mkubwa wako akikutuma peke yako mahali pa watu wawili, kataa. Lala chini uchapwe hizo hamsa ishirini. Mgongo unapona.

Mareti yu hai. Tukikutana njiani ananiuliza habari za migomba. Kosa langu mimi nimelisema, nililipokea lile jitu kwa kinywa changu. Lake hajalisema. Mama yetu alipomwendea alijibiwa kwamba maji hayana macho.

Mareti, nani alimwondoa Nderingo kiunoni kwangu? Mama bado anaishi. Njoo uwanjani kwake, mchana, watu wakisikia, umjibu.