Mlinzi Anayepiga Miayo

Baba aliingia nyumbani kwetu Same akiwa amepakata kitu kifuani, kimefungwa kwa shuka, na mimi nikadhani ameokota mtoto. Haki ya Mungu. Nilitoka na mwiko mkononi nikamuuliza, "Wa nani huyo?" Baba akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mashine ya gemu. Nyuma yake mkokoteni ulikuwa unaleta televisheni ya mtumba. Lakini mimi sikushangaa mashine wala televisheni, nilishangaa kicheko, maana baba alikuwa hajacheka tangu walipompunguza kazini.

Alikuwa mlinzi wa geti katika shamba moja la mkonge huko chini tambarare. Miaka kumi na saba. Serikali ilipoanza kuuza mashamba na viwanda, mwenye mali mpya akaja na walinzi wake wenye buti mpya, baba akarudi nyumbani na barua na tochi. Basi akawa mtu wa kukaa. Yuko barazani tangu asubuhi, anatazama mabasi ya Moshi yakipita barabara kuu, ukimsemesha anajibu "ehe." Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mama alikuwa amekwisha fariki, na nawaambieni hakuna kazi inayochosha kama kumpikia mtu anayesema "ehe."

Kumbe alikuwa anawaza. Siku moja akauza mbuzi wake bila kumuuliza mtu, akapanda basi kwenda Dar, akarudi na vitu vile pamoja na pedi mbili za kuchezea na diski tatu. Akafagia chumba cha mbele, akapanga mabenchi, akaandika mlangoni kwa chaki: GEMU. Wiki haikwisha nikawa simtambui. Anapayuka! "Wewe, zamu yako imekwisha, usijifanye hujui saa!" Anatania watu, anaamua ugomvi, anaimba akimwagia maji vumbi la mlangoni. Ukimpa pole kwa kupoteza kazi anakujibu kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikasema asante Mungu, nimerudishiwa baba yangu.

Tatizo ni kwamba nyumba ilikuwa ya shangazi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa muuguzi mstaafu, anaishi Gonja. Wazazi wao walikufa mapema kule Vudee mlimani, yeye akamlea baba mgongoni huku anakwenda shule. Nyumba ya Same aliijenga kwa mshahara wake, tofali kwa tofali, na sisi tulikaa humo kwa wema wake. Mwembamba, mkavu, sauti inapita ukuta. Baba alikuwa na mvi, lakini akisikia "dada anakuja" anachomekea shati.

Sasa, baada ya miezi kadhaa, mtu mmoja, sijui nani mpaka leo na afadhali nisimjue, akampelekea habari kwamba chumba chake cha mbele kimegeuka shule ya kuua watu. Jibu likaja na kondakta wa basi, aliyelitoa mbele ya wateja wote kama tangazo la mkutano: "Mama anasema anashuka Jumatano. Akikuta watu wanauana ndani ya nyumba yake, mashine inatoka siku hiyohiyo."

Baba akaweka pedi chini, akaenda kukaa barazani. Nilipomuuliza tufanye nini, akasema, "Ehe."

Nilitaka kupiga ukuta. Mashine mimi wala sikuipenda, makelele yake yalinitoboa kichwa, lakini ikitoka mashine ningebaki na ile "ehe" mpaka uzee wangu. Nikaamua kupanga hila. Kati ya diski zetu tatu, moja ilikuwa ya mpira, moja ya magari, na ya tatu ndiyo hiyo waliyoigombania watu. Ya tatu nikaificha ndani ya debe la mchele.

Inafaa nieleze gemu hiyo ilivyokuwa. Kulikuwa na mwanamume mwenye koti jeusi anayepanda mlima wenye theluji kwenda kwenye kambi fulani, na njiani anawapiga risasi wote anaokutana nao. Sababu hatukuijua, kwa kuwa diski ilikuwa na maandishi ya nchi za mbali ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma Same nzima. Kwa hiyo wateja walimtungia hadithi. Bingwa wetu alikuwa utingo wa lori la mbao, mtu wa miraba minne mwenye mke na watoto wawili, na yeye ndiye aliyeamua kwamba dada wa steringi, yaani huyo wa koti jeusi, amefungwa ndani ya kambi. Kila mtu akakubali. Mtu akiua walinzi kumi kwa ajili ya dada yake, unaweza ukamwelewa kidogo.

Jumatano shangazi akashuka na mkungu wa ndizi na tangawizi ndani ya kikapu. Tukamwamkia, akaitikia marahaba bila kutabasamu. Nikampa makande, akala yote, akanawa, akafunga kanga kiunoni. Utingo alikuwa amekaa kwenye benchi na wateja wengine watatu, wote wamenyooka kama wako kwa mkuu wa wilaya.

"Haya. Nionyesheni."

Nikaweka mpira. Shangazi akatazama dakika mbili.

"Ndiyo hii inayonitoa Gonja? Mwanangu, mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini. Najua mtu akinificha kitu. Lete ile ya kuua."

Mwe! Nilikwenda kwenye debe la mchele, nikaleta diski ina punje juu yake. Baba alisimama nyuma kabisa, karibu na dirisha.

Utingo akaanza kucheza, maskini, jasho linamtoka. Steringi akapanda mlima akikimbia. Shangazi akauliza mbona hahemi. Mlima wote ule, na bunduki, na koti! "Hebu apande Vudee hivyo, tutamwokota njiani." Watu wakacheka kwa woga. Kisha risasi ya kwanza ikampata steringi pajani, damu ikaruka, naye akaendelea kukimbia. Akaokota kiboksi chenye alama ya msalaba, akapona.

"Amefanya nini?"

"Amepata dawa, mama," akasema utingo.

"Dawa gani hiyo inayookotwa chini? Paja limevunjika! Mimi miaka ile ya shida nilikuwa nafua bandeji, naanika, nazifunga tena kwa mgonjwa mwingine. Sindano moja tunachemsha mpaka inakuwa butu. Leo huyu anaokota boksi kwenye theluji!"

Kusema kweli alikuwa amekasirika, lakini alikuwa amesogeza kiti mbele.

Ndipo utingo akamuua adui wa kwanza, na steringi akaruka juu ya maiti akaendelea na safari. Shangazi akapiga kelele ambayo nadhani ilisikika stendi. "Usimruke mtu!" Kwetu huwezi kumruka mtu aliyelala, sembuse aliyekufa. Unazunguka, hata kama njia ni ya miguu miwili tu. Utingo akarudi nyuma kwa haraka ili azunguke, kijana wa watu ana adabu, lakini alipofika maiti ikaanza kumeta-meta, ikapotea.

"Yuko wapi?"

"Wakifa wanapotea, mama."

"Nani kamzika?"

Shangazi akatueleza, taratibu, si kwa hasira sasa, kwamba kulikuwa na mwaka ambao gari la hospitali halikuwa na mafuta hata tone, na mtu akifia wodini ndugu walimbeba kwa machela kumpandisha mlimani, saa sita, saa saba za kutembea, wanapokezana, na yeye mwenyewe amekwisha tembea nao kwa sababu alimuuguza marehemu na aliona vibaya kumwacha njiani. Na kijijini majembe yamelazwa, hakuna anayelima mpaka mtu awe ardhini. "Ninyi mnapotezewa maiti mnaona sawa?"

"Poleni," mteja mmoja akasema, akiiambia televisheni. Alijitahidi asicheke. Lakini adui wa pili alipoanguka chumba kizima kikasema "poleni jamani," na wa tatu, na wa nne, na utingo akawa anawazunguka kila mmoja kwa heshima, mchezo ukachukua mara mbili ya muda wake. Nikamwona shangazi anauma mdomo. Nikaanza kupata matumaini.

Tukafika kwenye geti la kambi. Hapo alisimama mlinzi mmoja, peke yake, karibu na pipa lenye moto. Huyu alikuwa tofauti na wenzake. Sijui nani aliyemtengeneza, lakini alimtengeneza kwa mapenzi. Anakanyaga-kanyaga chini kwa baridi. Anapulizia viganja. Anapiga miayo mirefu, halafu anatazama nyuma kama anayeogopa kuonwa na bosi wake.

Shangazi akacheka. Kicheko cha kweli, cha tumboni. "Huyu ndiye mtu! Yule wenu wa koti jeusi ni gogo, hahemi, hali, hamlilii mtu, mnaniambia ana dada lakini mbona hata hamkumbuki usoni. Huyu mlinzi ana usingizi. Tazama, ana baridi ya kilele cha Shengena kabisa. Huyu nyumbani kwake wanamsubiri."

Utingo wakati huo alikuwa anamnyemelea kwa nyuma, kwa mazoea tu, kisu kimetoka.

"Nyuma yako!" shangazi akampigia mlinzi kelele. "Baba wee, geuka!"

Hakugeuka. Alikufa pale penye moto, hata "poleni" haikutoka. Utingo akasema kwa sauti ndogo kwamba anaweza kurudia, atakuwa hai tena, na akarudia haraka, na mlinzi akawa amesimama palepale anapulizia viganja.

"Sasa pita bila kumuua," akasema shangazi.

"Haiwezekani, mama. Ufunguo anao yeye. Tumejaribu sote."

"Basi hiyo mashine nimekwisha kuielewa. Itoke."

Alisema hivyo tu, itoke, na akaanza kufungua kanga kiunoni kama mtu aliyemaliza kazi. Nikamtafuta baba kwa macho nikitegemea kumwona anatoka kwenda barazani. Badala yake alikuja mbele, akapita katikati ya mabenchi, akanyoosha mkono, utingo akampa pedi.

"Inawezekana," akasema baba. "Kaa, dada."

Baba hakuwa mchezaji. Vidole vyake vilikuwa vizito, alimpeleka steringi hadi nyuma ya rundo la magogo kama anayesukuma baiskeli yenye pancha, akamchuchumaza. Kisha akaacha. Hakubonyeza kitu. Dakika moja, dakika tatu. Utingo akajikuna. Mteja mmoja akanong'ona kwamba imeganda.

"Haijaganda," akasema baba. "Mnakuwa na haraka, mnamuua kabla hajachoka. Mlinzi akikaa peke yake muda mrefu, inafika saa anaacha kuwa mlinzi. Moto unapungua. Anafikiri kuni. Anajisemea akienda mara moja nani atajua."

Dakika labda ya nane, naapa kwa mama yangu, moto wa kwenye pipa ulikuwa umefifia. Mlinzi akapiga miayo, akatazama kushoto na kulia, akatoa ufunguo, akafungua geti dogo, akaingia ndani kufuata kuni. Akaliacha wazi. Baba akampitisha steringi polepole, na nyuma yao tukamwona mlinzi anarudi na magogo mawili kifuani, mzima, hana habari.

Utingo alishika kichwa. Miezi yote ile! Wateja wakapiga makofi, mimi nikapiga vigelegele, lakini shangazi hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa anamtazama baba kisogoni, penye kovu lake la zamani.

"Mdogo wangu. Kule getini ulikuwa unaogopa?"

Baba hakugeuka. "Kila siku, dada. Jua likianza kuzama tu."

"Na kovu hilo?"

"Si nilikuambia. Nilianguka na baiskeli."

"Nililishona mimi. Nimeshona watu wa baiskeli tangu ujana wangu, na panga nalijua. Nikanyamaza kwa kuwa uliniomba kwa macho ninyamaze."

Mimi nilikuwa na habari ya baiskeli tu. Nimeliosha kovu lile, nimemnyoa kwa kulizunguka, na sikuwahi kujua. Makofi yalikwisha. Baba aliendelea kushika pedi, macho chini.

"Walikuwa wanne," akasema. "Walitaka dizeli. Sikupigana nao, dada, wala sikuwaona, nilikuwa nimewapa mgongo, naota moto. Moto wenyewe ulikuwa umekwisha. Wangesubiri kidogo tu, ningekuwa nimekwenda kufuata kuni."

Shangazi akainuka. Akapita mbele ya watu wote, akamwekea baba kiganja kisogoni, juu ya kovu, akakiacha hapo muda mrefu. Mimi nilikuwa nalia waziwazi na utingo alikuwa anatazama sakafu. Kisha shangazi akatugeukia, sauti yake ileile ya kupita ukuta.

"Mashine inabaki. Na atakayemuua huyo mlinzi ndani ya nyumba yangu, nitamshona bila ganzi."

Akatutazama mmoja mmoja, kuhakikisha tumesikia.