Matete ya Nehemiya

Mukandoli alikuwa na ulimi mkali na mikono laini, na ulaini wote wa mikono hiyo ulimwendea mumewe. Tangu Nehemiya apooze upande mmoja, alimwogesha asubuhi na jioni, na maji ya sabuni yakateremka moja kwa moja hadi kwenye maharage ya jirani yao, Kanyange, hapo Kashojwa, kwenye kambi ya wakimbizi. Kanyange akaja juu: yakipita tena, atamshtaki kwa mwenyekiti. Mukandoli akakosa usingizi. Mume hawezi kuachwa mchafu, na jirani naye ana haki yake.

Jibu alilikuta Mbarara, alikompeleka Nehemiya hospitali. Nyuma ya nyumba ya masista walikolala, maji ya jikoni yaliingia kwenye shimo la changarawe lililopandwa matete, yakatokea upande wa pili hayanuki. Alimhoji mtunza bustani mpaka maskini wa watu akachoka.

Aliporudi alichimba mfereji mpana, akatandika turubai kuukuu, akajaza mawe na mchanga, akapanda matete aliyoyang'oa ziwani. Maji yakawa yanatoka chini safi kiasi cha kumwagilia mboga zake za lengalenga. Kanyange akanyamaza, ila salamu hakutoa.

Nehemiya, aliyeacha ng'ombe wake wote Kivu Kusini mwaka 1996, akaomba awe anaketishwa mlangoni. Kila shina la matete akalipa jina la ng'ombe, Bihogo huyu, Gaju yule, na kila alipomaliza kuogeshwa aliagiza kwa sauti, "Mubapelekee mayi, bakunywe." Watu walimcheka. Mukandoli alimpenda zaidi kwa hilo, basi.

Kiangazi kimoja Nehemiya akafariki. Mjane anayeoga kwa kopo moja hana maji ya kulisha mfereji, na ya bombani, ya kupangia foleni, nani atayamwaga kwenye majani? Matete yakaanza kukauka. Mukandoli aliyatazama kama anayemwuguza mumewe upya, na machozi hayakumtoka, kama ambavyo hayakumtoka mazishini.

Jioni moja akasikia maji yakimwagika nje. Kanyange alikuwa ameinama juu ya mfereji na beseni la maji aliyofulia nguo.

"Gaju iko na kiu, mama," akasema bila kuinua macho. "Nilikuwa namusikia muzee kila siku. Kesho nitaleta mayi ya Bihogo."

Mukandoli akakaa chini pale mlangoni, mahali pa mumewe, na hapo ndipo alipolia.