Pingili Iliyoachwa Wazi

Jua halijafika kwenye mabati, na Mama Pingili tayari amening'inia. Ncha moja ya mnyororo ameitia kwenye ndoano ya ukutani, nyingine ameizungusha kwenye viganja. Anaegemea nyuma kwa uzito wake wote, visigino vimekita sakafuni, kilemba kimemfunika jicho moja.

Ukuta unalalamika. Mnyororo umetulia.

"Umepita," anasema, na kuubwaga mezani. Mwenye mnyororo ni mlinzi wa ghala, ameufuata kwa ajili ya geti. Anauliza kama kweli kuna haja ya mama mtu mzima kujitesa hivyo kila asubuhi.

"Marehemu baba hakukabidhi mnyororo bila kuuvuta. Mimi ni nani nilete uvivu?" anamjibu. Kisha anaongeza, kwa sauti ya chini kidogo: "Mmoja tu ndio hakuuvuta."

Mlinzi keshaondoka na mali yake. Sentensi hiyo ya mwisho aliyeisikia ni mwandishi wa makala haya, ambaye amekuja kuandika habari za mwanamke anayefua vyuma na sasa anaona kwamba kuna jambo jingine kabisa.

Jina la Mama Pingili alipewa na wateja, kwa sababu ya zile pete za chuma zinazoshikana kufanya mnyororo. Banda lake lina fuawe ya baba yake ya kupigia chuma, mvukuto uliotiwa viraka wa kupulizia moto, na siku hizi mashine ya kuchomelea ambayo umeme ukikatika inabaki kuwa kiti. Kipato ni cha kubahatisha. Mwezi mzuri unalipa kodi ya banda, mkaa na dawa za presha za mama yake. Mwezi mbaya unalipa mkaa.

Kila anayeingia humwuliza swali moja kabla ya salamu kuisha: "Unafunga nini?"

Majibu ni ya kila aina. Ndoo ya kisima. Mbwa mkorofi. Bembea za shule ya chekechea, ambazo huzivuta mara mbili. Trekta lililozama kwenye tope. Mabinti wanaokaribia kuolewa humletea mikufu ya mama zao iliyokatika; hapo huvaa miwani, huweka nyundo kando na kushika koleo ndogo. "Chuma nakipiga, mkufu naubembeleza," anasema.

Kuna jibu moja ambalo halikubali. Wakati fulani alikuja bwana mmoja mpole, akaagiza mnyororo wa mbuzi, wenye nafasi ya kufuli kila upande.

"Nikamwambia, kaka yangu, mbuzi gani huyo anayejua kufungua fundo mpaka umtie kufuli?"

Yule bwana alikaa kwenye benchi akajifuta uso. Hakuwa na mbuzi. Alikuwa na mpwa wake, kijana aliyeugua akili na kuanza kutangatanga usiku. Mama Pingili alizima moto, akafunga banda, akaongozana naye hadi nyumbani, na kesho yake wakampeleka kijana kliniki ya magonjwa ya akili. Anapoeleza hayo hajisifu. Ameinamisha uso, anachokoa masizi kwenye kucha.

Kikundi cha maigizo nacho kiliwahi kumwagiza minyororo ya kuvalisha watu shingoni, kwa mchezo kuhusu enzi za utumwa. Akawatengenezea ya bati jepesi lililopakwa rangi. Mkuu wa kikundi akalalamika kwamba hailii kama chuma.

"Nikamwambia mlio nitakupa, shingo sikupi. Nikaenda mwenyewe siku ya onyesho, nikakaa nyuma ya pazia nikitikisa mnyororo wa kweli. Watu walilia ukumbini. Na mimi nililia, lakini kwa sababu zangu."

Sababu hizo ni kaka yake.

Ndiye aliyekuwa arithi fuawe. Alikuwa mcheshi, mwenye mkono mwepesi, na alimfundisha mdogo wake kupiga chuma wakati baba hatazami. Kisha akaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Alikuwa halali. Siku moja aliwarushia mawe watoto wa jirani, mmoja akapasuka kichwa, na majirani wakaja kwa baba na neno moja: mfunge, au tutamfunga sisi.

Enzi hizo kliniki ya magonjwa hayo haikuwa karibu, na hata ingekuwepo, nani angeijua? Baba aliwasha moto. Mama Pingili, binti mdogo wakati huo, ndiye aliyevuta mvukuto.

"Nilidhani ni mnyororo wa mteja. Nilivuta kwa bidii kabisa, nimsaidie baba amalize mapema."

Baba alimfunga mwanawe mguu kwenye nguzo ya stoo. Sehemu iliyogusa ngozi aliizungushia kitambaa. Mnyororo huo hakuupeleka kwenye ndoano ya ukutani. Siku chache baadaye walikuta stoo tupu. Mtaa mzima ulisema ni nguvu za wazimu, eti kaukata kwa mikono. Baba hakwenda kumtafuta mwanawe. Aliutundika mnyororo nyuma ya mlango, na mpaka anakufa hakutaka uguswe.

Alipofariki, binti alirithi banda. Alikuwa tayari fundi kamili alipoushusha ule mnyororo ili chuma chake kitumike kwa kazi nyingine. Akakifungua kile kitambaa kikuukuu, akaisogeza mwangani pingili iliyokuwa ndani.

Haikukatika. Haikuwahi kuungwa. Midomo yake ilikuwa bado na alama za tindo lililoikatia, safi, bila dalili ya kupitiwa na moto. Ilikuwa imekunjwa tu ikakutana, kiasi kwamba mtu akiisokota kidogo inaachia.

"Baba yangu hakuwa fundi wa kusahau pingili. Na hakuivuta. Hapa nilipo mimi nasema aliiacha makusudi. Alimfunga kwa macho ya watu, akamwachia mlango."

Mama yake, ambaye amekula chumvi nyingi na hasikii vizuri isipokuwa anapotajwa marehemu, anaitikia kutoka kwenye mkeka wake.

"Mwenzangu alikuwa analia siku ile," anasema. "Mtu anayelia anaona pingili wapi? Wewe unamtaka baba yako awe malaika."

"Namtaka awe baba, mama."

Wanabishana hivyo miaka nenda rudi, na hakuna anayemshinda mwenzake. Mtu pekee anayejua pingili ilifunguka vipi, na kama kuna neno alinong'onezwa, ni yule aliyeifungua. Kwa muda mrefu walidhani amekufa.

Mwaka jana dereva wa lori alifika bandani kununua mnyororo wa kuvutia gari. Akasimulia, kwa kupiga soga tu, habari za fundi mmoja wa matrekta huko anakopita. Fundi hodari, lakini kazi ikihitaji mnyororo, huita mtu mwingine aushike. Ana kovu juu ya nyusi ya kushoto.

Nyundo ilimtoka Mama Pingili mkononi. Kovu lile alilisababisha yeye, utotoni, kwa kipande cha nondo.

Dereva alimtafutia namba. Kaka alikuwa mzima, anatumia dawa, ana mke na watoto. Simu ya kwanza haikufika mbali.

"Aliniambia, wewe na baba mlinifunga. Namba hii ifute."

Hakuifuta. Kila Ijumaa jioni, akishanawa mikono, anapiga. Anasema, "Kaka, ni mimi," na upande wa pili simu inakatwa. Habari ya pingili hataki kuitoa kwa haraka haraka kwenye simu, kama mtu anayejitetea. Anataka kuisema ana kwa ana, na asikie jibu, hata kama jibu litakuwa kwamba mama ndiye aliyesema kweli.

"Hapo ndipo naogopa," anakiri. "Lakini nimemkosa mno. Kuna kazi nikiimaliza vizuri, bado nageuka kumwonyesha."

Mwezi uliopita simu haikukatwa mara moja. Zilisikika sauti za watoto wakicheza kwa mbali. Kisha sauti nzito ikauliza, "Mama yupo?"

Akamwambia yupo. Simu ikakatwa.

Kwa maneno hayo mawili, Mama Pingili ameanza kujiandaa kwa safari. Mvua zikipungua atamchukua mama yake, wapande basi, wamfuate huko huko. Mwandishi anamwuliza kama atabeba mnyororo ule kuwa ushahidi.

"Kwenda kumwonyesha nini? Autazame tena? Hapana. Nitakwenda na mama tu, na mdomo wangu."

Je, atamwomba arudi nyumbani?

Mama yake ametega sikio.

"Simlazimishi mtu. Akitaka kuja, aje atutembelee, ale, acheke na mama. Na siku akitaka kuondoka, aondoke." Anachukua nyundo yake. "Ila safari hii atuage."